Benzi ya baba na klachi ya maharusi



Wengi mlioiona ile Benzi nyeupe kwenye harusi za Mfungo Mosi mmetuuliza mambo matatu: ni ya nani, inakodishwa kiasi gani, na kwa nini anayeendesha anakanyaga klachi wakati karibu kila gari inayoshuka bandarini siku hizi ni otomatiki. La kwanza na la pili tunayajibu kwa simu kila siku. La tatu ni refu. Limetula Ramadhani nzima na fedha ambazo zingetununulia cherehani mbili za kiwandani, kwa hiyo tumeona bora tuliandike mara moja.

Kwa asiyetujua, sisi ni dada wawili, mama mmoja baba mmoja. Tulimaliza kidato cha nne, tukasomea ushoni, na tangu hapo tunashona nguo za maharusi: mashela, magauni ya kesha, abaya za wapambe, na nguo za mama mzazi ambaye kila mara anakuja siku mbili kabla akitaka mikono ifupishwe. Tukisema "sisi" humu ndani msihangaike kutafuta nani kafanya lipi. Wiki hii mmoja anaendesha na mwenziwe anakaa mbele na mkoba wa pini, wiki ijayo tunabadilishana.

Gari ilikuwa ya baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni Mercedes 240D ya mwaka 1982, usukani kulia, injini ya dizeli. Aina hii mafundi wanaiita W123. Ilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1985 na zikatoka karibu milioni 2.7, ndiyo maana ukitazama picha za zamani za Morocco au za Ujerumani unaziona zimejaa kama bajaji zetu, zikiwa teksi. Sifa yake ni uvumilivu. Mbio hana. Injini ina nguvu ya farasi 72 na inavuta gari ya karibu kilo 1,400, kwa hiyo baba akiulizwa kwa nini anakwenda taratibu alikuwa akijibu kwamba anayetaka mbio apande boti.

Baba alipofariki, sheikh alikaa na familia mirathi ikagawiwa. Mama thumuni yake, kaka zetu wawili kila mmoja sehemu mbili, sisi kila mmoja sehemu moja, kama ilivyopangwa katika Suratun Nisaa. Kulikuwa na nyumba, kipande cha shamba na gari. Kaka zetu walishapata mnunuzi kutoka bara aliyetaka kutoa milioni sita. Tukasema gari isiuzwe, ihesabiwe kwa bei hiyohiyo kwenye fungu letu. Walitutazama kama watu wanaochukua kabati bovu wakaacha fedha taslimu. Lakini haki ni haki, ikaandikwa, tukatia saini. Kuanzia siku ile milioni sita za mirathi yetu zikawa zimekaa chini ya mwembe, zinaangukiwa na majani.

Nia yetu ilikuwa biashara. Tunavalisha maharusi, tunajua shida yao. Biharusi amekaa saa nne anapambwa, hina imekoza, nywele zimetiwa vikuba, shela limebanwa pini arubaini, halafu anayekuja kumchukua kumpeleka ukumbini ni dereva mwanamme asiyemjua. Hapo hapo anafunikwa kitambaa kizito juu ya kazi yote ile, na akifika ukumbini somo yake anaanza kumpangusa jasho na kumpaka poda upya. Tukawaza gari nzuri ya zamani, anaendesha mwanamke, vioo vya nyuma vina pazia tulizoshona wenyewe. Biharusi anakaa raha zake. Tulipoitangaza kwa wateja wetu wa nguo, harusi sita zilishikwa ndani ya wiki mbili.

Tulipata harusi tatu tu kabla gari haijaanza kisirani.

Ilikuwa otomatiki ya gia nne, ile ya kiwandani. Kwanza ikawa inachelewa kupokea. Unaweka D, unasubiri, unasubiri, halafu inaruka kwa kishindo. Baadaye ikawa katikati ya safari injini inanguruma na gari haiendi, kama mtu anayekimbia juu ya utelezi. Mafuta yake, ambayo huwa mekundu kama sharubati ya roza, yalitoka meusi na yananuka kuungua. Tukaipeleka gereji moja, ikakaa siku kumi na mbili, tukalipa, ikarudi imetulia. Wiki ya tatu ikaanza tena. Safari hii hata rivasi haikuwapo. Fikirini gari ya biharusi isiyoweza kurudi nyuma, na vichochoro vyetu hivi! Tuliisukuma sisi na wapiga tarumbeta.

Tuwaeleze kidogo kinachotokea humo ndani, maana ukielewa hili utaelewa uamuzi wetu. Otomatiki haijashikana na injini moja kwa moja. Kuna chungu cha chuma kimejaa mafuta, ndani yake feni mbili zinatazamana: moja inazungushwa na injini na kusukuma mafuta, ya pili inasukumwa na mafuta hayo na kuzungusha gari. Nyuma ya chungu kuna mikanda, pistoni na njia nyembamba za mafuta zinazoamua gia gani iingie. Ni kitu cha akili nyingi. Lakini ili ukitengeneze unahitaji vifaa vyake, raba zake, vipimo vyake, na fundi aliyewahi kufungua nyingi za aina ileile. Hapa kisiwani hatukumpata. Tuliulizia mpaka Dar, na tuliyeambiwa anaziweza alitaka gari nzima ivushwe, bila ahadi ya siku wala bei.

Gia za mkono ni kitu kingine kabisa. Kuna pleti inabanwa kwenye gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Ukikanyaga klachi inaachia, ukiachia inabana. Basi. Kila fundi kutoka Bububu mpaka Makunduchi anaijua.

Shauri la haraka tulilopewa na watu watano au sita lilikuwa ng'oa injini yote na gia boksi, weka ya Hiace. Inawezekana, wapo waliofanya na magari yanatembea. Lakini ili injini ya Toyota ikae kwenye tumbo la Benzi lazima ukate, uchomelee, utoboe. Na hapa ndipo tulipopata akili yetu ya cherehani. Mteja akituletea gauni la harusi la mama yake alivae yeye, swali letu la kwanza si anataka mtindo gani. Tunaligeuza ndani nje, tunatazama mishono. Kama kuna kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, tunafumua, tunatanua, tunashona upya, na siku moja binti yake naye anaweza kufumua akarudisha. Ukishatia mkasi katikati ya kitambaa, hakuna fundi duniani wa kukirudisha. Kufumua na kukata ni vitu viwili tofauti.

Na Benzi hii, kumbe, imeachiwa kitambaa ndani ya mshono. Kiwandani bodi ilikuwa moja, ikatiwa otomatiki kwa anayetaka na gia za mkono kwa anayetaka. Matundu ya boliti yapo. Handaki la katikati ni lilelile. Ukipata vifaa vya gari ya aina ileile iliyozaliwa na klachi, unafungua boliti na unafunga boliti. Hakuna pa kukata.

Mjomba alikasirika. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda gari ile na baba kila Ijumaa, na aliposikia tunataka kuitoa gia boksi yake alisema tunaivunja gari ya marehemu. Tulimheshimu, tukamsikiliza mpaka mwisho, tena hoja yake haikuwa ndogo. Wapo wanaopenda magari ya zamani wanaosema hivyohivyo: gari ikibaki ilivyotoka kiwandani ndiyo yenye thamani. Huko Ulaya huenda ni kweli, ambako gari inakaa ndani ya banda kavu na mafundi wake wapo mtaa wa pili. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Gari isiyotembea inaliwa kutu chini ya milango na kwenye mabawa ya magurudumu huku tunaitazama, na baada ya miaka mitano tungebaki na gia boksi ya asili ndani ya gari isiyo na sakafu. Mama ndiye aliyemaliza maneno. Akamwambia kaka yake: "Marehemu alikuwa akiipenda kwa sababu ikimfikisha." Mjomba akanyamaza, ingawa hakuridhika.

Sasa vifaa. Mtoto wa shangazi yetu aliyeko Muscat alituletea picha za gia boksi nzuri sana ya Sharjah, kwa bei ya kutamanisha. Tatizo, kule usukani uko kushoto. Gia boksi yenyewe ingeingia, lakini fremu ya pedeli isingeingia, kwani ya usukani wa kushoto haikai kulia. Na bila fremu hiyo una gia lakini huna pa kukanyagia klachi. Binamu yetu wa Mombasa ndiye aliyetuokoa. Kenya Benzi hizi zilikuwa nyingi, na usukani wao kama wetu. Alipata 240D ya gia nne za mkono iliyogongwa nyuma, mwenyewe anaiuza vipande vipande. Tulimwambia asichague. Atoe gia boksi, gurudumu zito la klachi, pleti zote mbili, fremu ya pedeli na pedeli zake, silinda mbili za klachi na paipu yake, shafti inayokwenda nyuma, boriti inayobeba gia boksi kwa chini, mti wa gia na vyuma vyake vyote, waya wa spidi, na boliti zote kwenye kopo. Hata vitu ambavyo gari yetu inavyo, toa. Kwa mfano shafti: tulidhani itafaa ileile, lakini tulipozilaza chini zote mbili urefu haukulingana. Mtu aliyenunua kimoja kimoja kwa kukisia angelipa mara mbili.

Mzigo ulikuja kwa basi mpaka Tanga, kisha Dar, kisha ukavuka. Ukafika Malindi siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Hilo tulilipanga. Ramadhani hakuna harusi, maharusi wetu wote walikuwa wameolewa Shaabani au wanangoja Mfungo Mosi, kwa hiyo gari ilikuwa na mwezi mmoja wa kulala juu ya mawe. Na Mfungo Mosi tulikuwa tumeshapokea amana za harusi tano. Tungeshindwa, tungezirudisha zote, na fedha zenyewe ndizo zilizonunua vifaa. Mkopo wa benki hatukuutaka, mnajua kwa nini. Kwa hiyo usiku wa kwanza wa Ramadhani, tukitoka kusali tarawehe, tulikuwa na gari isiyo na gia boksi, deni la watu watano, na fundi mmoja mzee.

Mzee huyu amefanya kazi ya Benzi tangu ujana wake na anazungumza na boliti kama anabembeleza mtoto. Mchana alifunga, akalala. Kazi ilianza saa nne za usiku mpaka daku. Sisi tulikuwa tukipeleka uji na kushika taa, na kwa kuwa mikono yetu ni midogo, tulifungua boliti mbili za juu ambazo mkono wake haukufika. Ndipo na sisi tulipojifunza.

Jambo lililotupotezea siku nyingi ni lile gurudumu zito. Gari ya otomatiki haina. Ina sahani nyembamba tu. Gari ya klachi lazima iwe nalo, maana pleti inabana juu yake. Ukiliangalia unaona ni duara la chuma, unafikiri unafunga tu. Kumbe kwenye injini hizi linapimwa uzani pamoja na mhimili wa injini yake, na lile la Mombasa lilikuwa limepimwa na injini ya Mombasa. Ukilifunga hivyohivyo gari inaweza kutetemeka maisha yake yote. Mzee alitia alama kwenye sahani yetu kabla hajaifungua, kuonesha ilikaa upande gani, kisha akatuma sahani na gurudumu vyote viwili Dar kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Kule wanaviweka kwenye mashine, wanatazama sahani ya zamani ni nzito upande gani, halafu wanatoboa vitundu vidogo kwenye gurudumu mpaka uzito wake ukae vilevile. Ni kama unavyonakili pateni kutoka nguo kuukuu. Siku tisa! Boti, foleni ya karakana, boti tena. Wakati huohuo wateja wanapiga simu: gari ipo, dada? Ipo, tunawajibu. Kweli ilikuwapo, juu ya mawe.

Kuna kijiberingi kidogo kinachokaa kwenye ncha ya mhimili wa injini, ambacho gari yetu haikuwa nacho kwa kuwa otomatiki haikihitaji. Kidogo kama pete. Mzee alisema kimewaadhibu mafundi wengi: wanakisahau, wanafunga kila kitu, halafu wanafungua tena. Boliti za gurudumu alitaka mpya, kwa sababu zile zinavutika zikikazwa. Hapo hatukubishana bei.

Kingine ambacho tungependa mkijue kama mna gari ya aina hii nyumbani. Kijana msaidizi alikuja na galoni ya mafuta mazito ya gia ili ajaze gia boksi mpya. Mzee akamzuia. Gia boksi ya mkono ya Benzi hizi inakunywa mafuta mekundu mepesi, yaleyale ya otomatiki. Ukitia mazito, gia zinakuwa ngumu kuingia, khasa asubuhi. Nani angedhani?

Waya pia. Otomatiki haikubali kuwashwa ila ikiwa kwenye P au N. Swichi yake ikitoka, stata haipati moto, na watu wanadhani betri imekufa. Nyaya zile zinaunganishwa. Lakini jueni kwamba kuanzia hapo gari itakubali kuwashwa hata ikiwa ndani ya gia, na itaruka mbele. Kanyaga klachi kila unapowasha, na mwambie kila anayeshika funguo.

Kutoa hewa kwenye klachi ndiyo kazi tuliyoifanya wenyewe na kuifurahia. Klachi ya gari hii inakunywa kopo moja na breki. Mzee alivuta mpira kutoka kwenye breki ya gurudumu la mbele mpaka kwenye silinda ya klachi kule chini, akasema mmoja wetu akanyage breki taratibu. Mafuta yanasukumwa kutoka chini kwenda juu, na hewa inapanda nayo inatokea kwenye kopo, povu, povu, mpaka inaisha. Mmoja anakanyaga, mmoja ameinama na tochi anasema "bado, bado, bado." Ilikuwa usiku wa ishirini na tatu. Muadhini alipoanza kuamsha watu kwa daku, pedeli ilikuwa ngumu, nzuri.

Ngozi ya kufunika mti wa gia tuliishona wenyewe. Ya Mombasa ilikuwa imechanika. Tulitumia ngozi nyeusi laini, vipande vinne, na mshono wa kulalia, na tunadiriki kusema ni nzuri kuliko ya kiwandani.

Lakini gari ikiwa tayari, nani ataiendesha? Sisi wote wawili tulijifunzia otomatiki. Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo, miaka mingi alikuwa akiendesha Land Rover ya mradi wa afya shamba huko, na ndiye aliyetufunza. Baada ya alfajiri tulikwenda barabara za ndani za Mbweni ambako hakuna watu. Siku mbili za kwanza ilikuwa kuzima na kuruka. Siku ya tatu akasema kuendesha tunaweza, ila biharusi hatumuwezi. Akatupa mtihani: mmoja aendeshe, mwenziwe akae nyuma na sindano na uzi. Kila gia inapobadilishwa, wa nyuma atunge uzi kwenye tundu la sindano. Ukikosa, dereva anarudia.

Tulirudia sana. Siri yake ni kwamba injini ya dizeli hii ina nguvu chini kabisa, haihitaji kukanyagiwa mafuta ili iondoke. Unaachia klachi polepole kwenye gia ya kwanza na gari inajiondokea yenyewe, kimya, kama mtu anayeinuka kwenye mkeka. Kwenye msafara wa harusi, nyuma ya tarumbeta, unaiacha kwenye gia ya kwanza hata mguu haugusi mafuta, inatembea mwendo wa watu. Otomatiki yetu haikuwahi kuwa laini namna hiyo, hata siku zake nzuri. Siku tulipotunga uzi kutoka ya kwanza mpaka ya nne bila kukosa, bibi alishuka akasema sasa nendeni mkachukue watoto wa watu.

Harusi ya kwanza ilikuwa siku ya nne ya Mfungo Mosi. Kutoka nyumbani kwao Fuoni mpaka ukumbini hakuna kilichotokea, biharusi alikuwa akizungumza na somo yake njia nzima. Tukafika. Tukazima ufunguo. Injini ikaendelea.

Tukazima tena. Tukatoa ufunguo kabisa. Gari inanguruma vilevile, na wanawake mia mbili wametoka nje na vigelegele. Tulimpigia mzee. Hakushtuka hata kidogo, akasema fungueni boneti, juu ya injini kuna kijiti kimeandikwa STOP, kisukumeni. Basi mmoja wetu, na abaya yake ya shanga, akafungua boneti mbele ya ukumbi akasukuma kijiti, injini ikanyamaza, na vigelegele vikapigwa upya kana kwamba ni sehemu ya sherehe. Biharusi alicheka mpaka tukaogopa wanja.

Sababu yake mzee aliipata kesho yake kwa dakika tano. Dizeli hizi hazizimwi kwa umeme. Ufunguo unafungua njia ya mvuto wa hewa, na mvuto huo ndio unaoikatia injini mafuta. Otomatiki nayo ilikuwa na kimpira chake kwenye mtandao uleule wa hewa, na kizibo kilichowekwa baada ya kuitoa kilikuwa kimechomoka kwa joto. Hewa inavuja, ufunguo hauna nguvu. Akaweka kizibo kingine na kukikaza kwa waya. Mwenye gari kama yetu asilidharau jambo hili, kwani breki nazo zinasaidiwa na mvuto huohuo.

Tangu hapo tumepeleka maharusi kumi na saba. Gharama zote, vifaa, usafiri, karakana na ujira wa mzee, zilifika kama milioni tatu na laki nane, na zilirudi kabla ya Mfungo Tatu. Kila kitu tumekiandika kwenye daftari moja na nguo.

Hatusemi kila mtu afanye hivi. Kama otomatiki yako inatengenezeka na fundi wake yupo, itengeneze uiache. Kama goti linakuuma, klachi kwenye foleni ya Darajani itakutoa machozi. Na kama gari unaitaka kwa ajili ya picha tu, kodi yetu, itakutoka rahisi zaidi. Jambo tusilokubaliana nalo ni lile la kukata ili kuwahi. Tumeona gari mbili za umri huu zilizotiwa injini ya Hiace, na moja imeshakuwa banda la kuku.

Mjomba alikuja mwezi uliopita. Alizunguka gari mara mbili, akakaa kiti chake kilekile cha mbele, tukampeleka msikitini Ijumaa. Hakusema kitu kuhusu gia. Aliposhuka aliuliza tu ngozi ile ya mti wa gia tumeinunua wapi.

Otomatiki ya zamani ipo stoo, imesafishwa, imezibwa matundu yote, imefungwa kwenye shuka kuukuu pamoja na sahani yake, shafti yake na boliti zake kwenye kopo lenye jina. Mwenye kuihitaji siku moja ataikuta. Kaka yetu mkubwa ameshauliza mara mbili kama inauzwa.